Modemu 1,786 na Simu ya Baba

Mwalimu wetu wa somo la mitandao ana desturi ya kuanza kipindi kwa swali la kuamsha waliolala. Jumatatu moja alituuliza: kama intaneti ya hosteli yenu ni megabiti 100 kwa sekunde, mngehitaji modemu ngapi za zamani, zile za kupiga simu, ili mpate kasi hiyo? Tulikuwa wanafunzi kumi na wawili wa uzamili, na wengi wetu modemu ya aina hiyo tumeiona kwenye picha tu. Nilikuwa wa kwanza kupata jibu: 1,786.

Darasa likacheka. Mwenzangu akauliza zingewekwa wapi, mwingine akauliza bili ya laini za simu 1,786 angelipa nani. Nilirudi hosteli na furaha ya mtu aliyeambiwa kwamba ni tajiri na hakuwa anajua.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Modemu za mwisho kuenea majumbani, za kiwango kilichopitishwa mwaka 1998, zilikuwa na uwezo wa kilobiti 56 kwa sekunde. Gawanya biti milioni 100 kwa 56,000, umemaliza. Ukitaka kujua maana yake mezani, kumbuka kwamba baiti moja ni biti nane. Kwa hiyo modemu ile ilivuta baiti 7,000 kwa sekunde, kama kurasa tatu za maandishi matupu. Wimbo wa megabaiti 5 uliichukua dakika 12. Filamu ya gigabaiti moja ingeichukua karibu saa 40: unaanza Ijumaa jioni, unaimaliza Jumapili asubuhi, endapo hakuna mtu nyumbani atakayeinua mkonga wa simu katikati. Hosteli kwetu filamu hiyohiyo ni sekunde 80.

Nikanogewa. Kwa wiki kadhaa nikawa nageuza kila kitu kuwa modemu. Rafiki akituma kichekesho cha video, namwambia, "Hii ingekuwa dakika arobaini." Wakaanza kuniita Modemu. Nilikuwa natafuta mada ya insha ya somo la maadili ya teknolojia, nikadhani nimeipata: ningeandika jinsi kizazi chetu kilivyobarikiwa. Ili insha iwe na nyama, Jumapili nikampigia mjomba wangu, ambaye miaka ya mwanzo ya 2000 aliendesha intaneti kafe Morogoro.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Leo umekumbuka kwamba una mjomba?"

Nikamweleza hesabu yangu. Akasikiliza, akacheka, kisha akasema, "Sasa wewe umehesabu modemu. Watu je, umewahesabu?"

Sikumwelewa. Akanieleza. Kafe yake ilikuwa na kompyuta nne, modemu moja na laini moja ya simu ya mezani. Hiyo 56 ilikuwa ya kwenye boksi. Waya za shaba za mtaa wao, hasa mvua ikinyesha, zilikamata 28, siku njema 33. Na hicho kidogo kiligawanywa kwa wateja wanne. Laini ya simu ilitengenezwa ipitishe sauti ya binadamu, si zaidi, kwa hiyo kompyuta nazo zililazimika kugeuza maneno kuwa sauti: ndiyo maana modemu ikiunganisha ililia kama panya aliyebanwa na bati. Mlio ukikoma, wateja wanne walijua mlango umefunguliwa, na kwamba ni mlango mwembamba.

"Mmoja akifungua ukurasa wenye picha nyingi, watatu wanasimama," alisema. "Hakuna aliyegombana. Mtu alikuwa anakohoa. Ukisikia kikohozi, unajua ni wewe."

Kafe ilikuwa na taratibu zake. Barua unaiandika kwanza kwenye daftari, ukiwa benchi la nje, ndipo unaingia kuichapa. Ukutani palikuwa na karatasi: PICHA BAADA YA SAA MBILI USIKU. Na palikuwa na mama mmoja mtu mzima ambaye mwanawe alikuwa ng'ambo. Siku moja alitumiwa picha ya mjukuu. Ilikuwa saa tisa alasiri, kafe imejaa. Mjomba alipotangaza kwamba mama ana picha ya mjukuu, wale watatu waliondoa mikono kwenye vibao vya herufi, wakasogeza viti. Picha ilishuka kutoka juu, mstari kwa mstari: nywele, paji la uso, macho. Ilichukua dakika nzima. Ilipofika kidevuni, mmoja wa wateja, mtu asiyemjua mama yule, akasema, "Huyu amekuchukua wewe."

Baada ya simu ile nilirudia hesabu nikiwaweka watu ndani. Kama modemu moja ilibeba watu wanne, kasi ya hosteli yetu ingebeba watu 7,144. Maabara ya chuo, yenye laini ya gigabiti moja, ni modemu 17,857, yaani watu 71,428. Uwanja wa Benjamin Mkapa huingiza watu 60,000. Nikiwa peke yangu maabara usiku, napakua kitu ambacho huenda nisikifungue, nimekalia uwanja mzima na ziada yake, na hakuna hata mmoja anayekohoa.

Hapo ndipo insha yangu ya shukrani ilipoanza kuharibika.

*

Vipimo vya zamani vilikuwa na mtu ndani yake. Bibi yangu alipima mahindi kwa vibaba na pishi, vibaba vinne pishi moja. Wapagazi wa misafara ya karne ya 19, kutoka pwani kwenda bara, walipewa posho ya kibaba kimoja cha nafaka kwa siku. Ukisema "kibaba" unakuwa umetaja ujazo, na hapohapo umetaja tumbo la mtu mmoja na siku yake moja. Anayepunja kibaba hawezi kujidanganya kwamba amepunja namba.

Kilobiti haina tumbo. Ukigeuza megabiti kuwa modemu, unageuza namba kuwa namba nyingine. Unajua mara ngapi, hujui nani. Hata kwa namba zenyewe, ugeuzaji ule una uongo kidogo. Malori 1,786 yakitoka Mbeya kwenda Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800, yatabeba mzigo mara 1,786 ya lori moja, lakini lori la kwanza halitafika mapema kwa sababu yana wenzake nyuma. Modemu nazo ni hivyo. Ukizirundika zote pamoja zinapanua barabara. Herufi ya kwanza haiwahi kufika. Anayengoja neno moja, "amejifungua salama", hasaidiwi na upana wa barabara. Anasaidiwa na kwamba neno limefika.

Kwa hiyo swali la mjomba lilikuwa swali halisi, na mimi nilikuwa na jibu lake muda mrefu bila kujua. Jibu liko Mbinga, kijijini kwetu.

*

Nilipohitimu shahada ya kwanza, baba hakuweza kuja. Ni mwalimu mstaafu, mguu wake haumruhusu kukaa ndani ya basi kutwa nzima. Rafiki yangu alirekodi video ya dakika nne: naitwa jina, napanda, navua kofia, nashuka. WhatsApp ingeibana hadi megabaiti 6 hivi na kuitia ukungu. Sikutaka baba anione na ukungu. Nikaituma kama faili, yenye ubora wake wote, megabaiti 90. Kutoka kwenye simu yangu ilichukua dakika moja na sekunde kumi na mbili.

Usiku uleule tiki zikawa bluu. Kisha kimya. Kesho yake kimya. Kesho kutwa nikamwandikia: "Baba, umeona video halafu umekaa kimya tu?" Jioni akajibu: "Nimekuona mwanangu. Hongera sana. Umekonda." Nikacheka, nikasahau.

Krismasi iliyofuata nilikwenda nyumbani. Mdogo wangu akanipeleka kwenye jiwe. Kila kijiji cha milimani kina jiwe lake, au mwembe wake, mahali ambapo mtandao hushika. Pale simu yangu ilionyesha herufi E, nami nikapima kwa programu ya kupimia kasi: kilobiti 40 kwa sekunde. Nikaanza kucheka, kwa sababu nilikuwa nimeikuta modemu niliyodhani imekufa. Ipo hai, imepanda mlima. Mdogo wangu hakucheka. Akasema, "Hapa ndipo baba alipoingojea ile video yako."

Megabaiti 90 kwa kilobiti 40 ni sekunde 18,000. Saa tano. Hizo ni saa tano za mtandao usiokatika, na ule ulikatika. Siku ya kwanza bando liliisha kabla video haijaisha. Siku ya pili chaji iliisha, ikabidi simu ishushwe kwenye duka lenye sola kisha ipandishwe tena. Baba alikaa kwenye jiwe na mguu wake ule. Nilipomuuliza, hakutaja saa. Alisema, "Nilianza baada ya chai, kuku wakaingia bandani." Ujumbe wangu wa kumlaumu kwa ukimya aliusoma akiwa palepale, video ikiwa katikati. Hakunirekebisha. Mpaka leo hajawahi kunirekebisha.

Ningeituma ile ya megabaiti 6, yenye ukungu, ingemfikia kwa dakika 20.

*

John Mbiti, mwanafalsafa na kasisi wa Kenya, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alichukua maneno mawili ya Kiswahili, *sasa* na *zamani*, akajenga juu yake nadharia ya wakati. Alisema kwamba kwa jamii za jadi wakati ni matukio: usipojazwa na tukio, si wakati. Wengi wamempinga, na wana haki. Si kweli kwamba Waafrika hawakuitazama kesho. Lakini kwenye jiwe lile nilimwelewa kuliko darasani. "Baada ya chai mpaka kuku kuingia bandani" ni kipimo chenye mtu ndani yake, kama kibaba. "Sekunde 18,000" ni kweli, lakini ndani yake hutamkuta baba.

Jambo jingine nililolielewa ni kwamba *sasa* na *zamani* hazipo kwenye kalenda moja kwa watu wote. Mkongo wa SEACOM ulipofika Afrika Mashariki mwaka 2009, na mingine ikaufuata, tulianza kuzungumza juu ya modemu kama watu wanaozungumzia misafara ya wapagazi. Lakini zamani ile haikuondoka, ilihama tu. Ipo kwenye herufi E. Katika nchi nyingi ipo hata mjini, kwenye vifurushi ambavyo data ya kasi ikiisha hushushwa hadi kilobiti 64 kwa sekunde. Wakati ule kafe nzima ya Morogoro ilikuwa maskini kwa pamoja. Sasa kasi mbili zinaishi kwenye gumzo moja la familia, na mwenye kasi kubwa haoni chochote. Kwenye kioo chake, baba aliyengoja kutwa mbili anafanana na baba asiyejali.

Hapa ndipo ninapoona tatizo la kimaadili, na sidhani kwamba ni kasi yenyewe. Kafeni, aliyekucheleweshea alikuwa ameketi pembeni yako, na uliyemchelewesha alikuwa na kikohozi. Kufikiria wengine hakukuhitaji wema mkubwa, kulihitaji masikio. Tulipopata modemu 1,786 kila mmoja, tulipoteza kikohozi. Mzigo haukuondoka, ulisogezwa mbali na macho ya anayeutupa. Na mwanadamu, hata mwema, mara nyingi huishia pale macho yake yanapoishia.

Najua yanayoweza kusemwa dhidi yangu. La kwanza, kwamba nasifia shida. Hapana. Nilimuuliza mjomba kama anatamani siku zile, akaniambia, "Mimi? Sitamani hata kidogo. Ule mlio bado naota." Methali zetu wenyewe hazikukubaliana: subira yavuta heri, lakini pia ngoja ngoja huumiza matumbo. Anayesifia kungoja mara nyingi ni yule anayeweza kuacha kungoja akitaka. Mwaka 2024, mwezi Mei, mikongo miwili ya baharini ilipokatika kwa pamoja na nchi ikabaki ikigombania upenyo mdogo, sikumsikia mwanafunzi hata mmoja hosteli akisema amepata utulivu wa roho. Tulilalamika kama watu walionyimwa maji. Nami nililalamika, na sikumbuki kama nilimfikiria baba.

La pili ni zito zaidi: kosa ni la nani? Sikujenga minara mimi, na kijiji kukosa mtandao mzuri ni jambo la mipango na fedha za umma. Mtu mmoja kubana video zake hakutasimamisha mnara Mbinga. Nakubali. Hatia ya jiwe lile si yangu peke yangu, na nisingependa mtu atumie insha hii kuwaambia walio na haki ya mtandao mzuri kwamba wanachohitaji ni watoto wenye adabu. Lakini hatia na wajibu si kitu kimoja. Sikuvunja mguu wa baba, ila nikijua ameumia, natembea polepole nikiwa naye. Ninachodaiwa ni kujua. Kwa mtu anayesomea mitandao, ambaye anaweza kukokotoa kichwani modemu 1,786, kutojua kwangu hakukuwa ujinga. Kulikuwa uvivu: nilifanya hesabu upande mmoja tu, ule unaonipendeza.

Na si mimi pekee. Mwaka 1995 Niklaus Wirth, mtaalamu wa kompyuta wa Uswisi, aliandika kwamba programu zinazidi kuwa nzito haraka kuliko mashine zinavyozidi kuwa na kasi. Aliyasema hayo modemu bado zinalia. Tangu hapo tumezinenepesha kurasa zetu kwa sababu sisi, watengenezaji, tunazijaribu tukiwa tumekalia uwanja mzima. Ninapata vijisenti kwa kutengeneza tovuti ndogo za watu. Niliporudi kutoka Mbinga nilifungua ukurasa wa mwisho niliokuwa nimeutengeneza, fomu ya chama cha akiba na mikopo cha wakulima. Ulikuwa na picha kubwa ya shamba na herufi za mapambo: megabaiti 4. Kwa kilobiti 40, dakika 13 na sekunde 20 kabla mkulima hajaona mahali pa kuandika jina lake. Niliutengeneza kwa ajili ya wakulima, na hakuna mkulima niliyemfikiria. Niliondoa shamba, kwa kuwa shamba wanalo. Ukabaki kilobaiti 300, dakika moja. Mteja alisema umekuwa mtupu kidogo. Nikamwomba aufungue akiwa kijijini kwao, kisha aniambie.

Insha ya darasani niliiwasilisha ikiwa na kanuni moja tu: kila anayetuma au kutengeneza kitu, kabla hajabonyeza, akigeuze kiwe muda wa mtu mwenye kasi ndogo kuliko wote kati ya watakaokipokea. Asitafute mara ngapi yeye ni tajiri. Atafute mwenzake ataketi kwenye jiwe muda gani. Baada ya hapo anaweza kuamua kutuma vilevile. Kuna mambo yanayostahili kungojewa saa tano, na pengine baba angesema mahafali yangu yalikuwa mojawapo. Lakini uamuzi huo angeufanya yeye, kama ningemuuliza. Mwalimu aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Na asiyejulikana kasi yake?" Nimelifikiria swali hilo tangu wakati huo. Jibu nililonalo ni la kafe: mchukulie kuwa yuko kompyuta ya pili kutoka kwako, na mvua inanyesha.

Sasa hivi baba nikimtumia kitu ni sauti fupi, au picha niliyoibana mwenyewe. Wiki iliyopita nilimtumia sauti ya sekunde thelathini, nikamweleza kwamba naandika makala kuhusu video ile, na nikamwomba radhi kwa ule ujumbe. Tiki zikawa bluu saa moja usiku. Hakujibu. Nilikuwa nimeshaanza kuandika, "Baba, vipi?" nikafuta, nikaweka simu mezani, nikaenda kuchemsha maji ya chai.

Jibu lilifika asubuhi. "Video ipi? Ile uliyokonda? Bado ninayo."